Maji ya Arobaini

Mume wangu alifariki kiangazi kilipoanza, nami nikakaa eda katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu, kwenye kijiji kimoja cha uwanda wa juu, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Newala. Shule niliishia kidato cha pili, na sina mazoea ya kuandika mambo marefu. Lakini siku ya arobaini yake lilitokea jambo ambalo watu wa hapa wamekwisha kulisamehe, na baadhi yao hulisimulia kama kichekesho. Mimi kila nikilikumbuka natazama chini, hata nikiwa peke yangu. Nimeona niliandike jinsi lilivyokuwa, nisije nami nikaanza kulisimulia kama wao.

Anayeijua Newala anajua habari ya maji. Ardhi yetu inapenda mikorosho na muhogo, lakini maji yako chini bondeni, na mama zetu walizeeka shingo kwa kupanda nayo ule mteremko. Siku hizi kuna pampu na tangi. Maji yanapandishwa umeme ukiwapo, asubuhi yanagawiwa, yakiisha yameisha. Hayatoshi nyumba zote kwa siku moja, kwa hiyo kila nyumba ina zamu yake. Zamani zamu hizo alizijua msimamizi wa bomba kichwani mwake tu, na hapakukucha bila mtu wa kumwambia kwamba kichwa chake kinawapenda zaidi ndugu zake.

Hapo ndipo mume wangu alipoingia. Alikuwa na duka la steshenari Masasi mjini, chini ya majabali. Alipiga picha za pasipoti, alitoa kopi, alichapa barua za watu. Kompyuta alifundishwa na fundi mmoja wa Lulindi, mengine akajifunza mwenyewe. Alitengeneza ukurasa wa mtandao wa zamu za maji. Ukiufungua kwenye simu unaandika namba ya nyumba yako mara moja tu, simu inaikumbuka, na tangu hapo kila ukifungua unaona jina la nyumba yako, siku ya zamu yako na ndoo ulizopangiwa. Bombani unamwonyesha msimamizi simu, anasoma, anakufungulia. Wasio na simu huwaangalizia kwenye ya kwake. Ugomvi haukuisha, ila ulipungua hata watu wakaanza kusalimiana bombani.

Ukurasa huo ulikuwa ukiishi ndani ya kompyuta moja kuukuu chini ya meza ya duka. Nitaeleza kwa namna aliyonieleza yeye, wakati nilipokuwa nikimsaidia pale dukani, kabla hatujapata watoto. Alisema kuna kurasa ambazo ni kama maandazi: zimekwisha kupikwa, zimepangwa kwenye sinia, kila mteja anapewa zilezile. Wa kwetu ulikuwa kama chipsi mayai. Unaagiza kwanza, ndipo mayai yanapasuliwa. Mtu akifungua simu huku juu, ombi lake linateremka hadi Masasi, kompyuta inauliza huyu ni wa nyumba gani, inatazama zamu yake, inapika ukurasa wake yeye na kumpelekea. Ndiyo maana kompyuta ile haikutakiwa kuzimwa. Umeme ukikatika Masasi, watu wa bombani walirudi kuhesabu zamu kwa vidole, naye alinipigia simu na kusema, "Mama watoto, waambie wavumilie, mpishi amezimiwa jiko."

Alipofariki duka lilifungwa, lakini shemeji yangu aliyeko Masasi aliiacha kompyuta ikiwaka. Wajomba wa ukoo walisema wazi kwamba siku ya arobaini watakaa na kugawa vitu vyake. Chumba cha duka kingerudishwa kwa mwenyewe, na kompyuta ingekwenda kwa mpwa wa marehemu, aliyekuwa akiihitaji. Kwetu mpwa ana haki yake, na sikuwa na neno nao.

Neno nililokuwa nalo lilikuwa la moyoni. Mume wangu alikuwa ameandika jina lake chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo. Kompyuta ikizimwa na jina nalo linazimika. Mwenyekiti wa kamati ya maji alinitumia salamu kwamba nisijisumbue, mfiwa apumzike, wao watarudi kwenye utaratibu wa zamani kwa muda, kisha watafute fundi. Lilikuwa shauri zuri. Nililikataa. Nilimjibu kwamba sitaki watu wateseke kwa maji, na hilo halikuwa kweli. Nilitaka watu walisome jina lake kila asubuhi.

Kwenda Masasi kuiangalia kompyuta nisingeweza, nilikuwa edani. Lakini mume wangu alikuwa amenieleza habari za makampuni ya nje ambayo hayakupi kompyuta moja ya kwako. Unawapa programu yako, wao wana mashine zilizotapakaa dunia nzima. Mtu akifungua ukurasa, mashine iliyo karibu naye inawashwa saa hiyohiyo, inapika, inampa, inazima. Hakuna mpishi wa kudumu wala jiko la kulinda. Yeye mwenyewe alitamani kuuhamishia ukurasa huko, maradhi yakamwahi. Basi nikachukua laptopu yake, nikaiunganisha na bando la simu yangu, nikakaa nayo mkekani.

Wanawake waliokuja kunipa pole walinikuta na laptopu mapajani. Wifi yangu, dada wa marehemu, ndiye aliyekuwa akinihudumia, na alikuwa akiwaambia pale mlangoni, "Msimshangae. Kila mtu na kilio chake. Huyu analia kwa vidole."

Haikuwa kazi ya siku moja. Maelekezo yote ni Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kidato cha pili na cha kusoma maboksi ya wino. Nilipandisha programu, ikakataa. Nikarudia, ikakubali, lakini ukurasa ukaja mweupe, hauna hata neno. Nilihangaika sana mpaka nikaelewa. Mume wangu aliziweka nyumba zote na zamu zake kama faili ndani ya kompyuta ya Masasi, na zile mashine za wenzetu hazina kabati la kutunzia kitu. Zinapika na kuondoka. Ilibidi shemeji anitumie lile faili, niliingize kwenye hifadhidata, yaani ghala la mtandaoni, iliyoko ng'ambo, kisha niwafundishe wapishi wapya njia ya kwenda kuchota huko. Nilipofaulu, ukurasa ukafunguka kama nilivyouzoea, nikaona jina lake pale chini. Nilifunika laptopu nikalala kifudifudi. Wifi alidhani nimepata habari nyingine mbaya.

Kasoro moja ilibaki. Ukurasa ulikuwa mzito. Mpishi alikuwa karibu lakini ghala lilikuwa ng'ambo, kila agizo linavuka bahari na kurudi, na mtandao wetu huku juu mnaujua. Niliona aibu watu waseme kwamba tangu marehemu aondoke mambo yamezorota. Nikasoma kwamba kuna namna ya kuifanya mashine itunze nakala ya ukurasa uliokwisha kupikwa, kama chakula kwenye hotpoti, ili anayekuja nyuma apewe hicho hicho bila kusubiri. Maelezo yalikuwa marefu. Chini yake palikuwa na onyo ndani ya kisanduku cha rangi. Nililiona lile onyo, nikaona ni refu, sikulisoma.

Asubuhi ya arobaini, baada ya kuswali alfajiri, niliwasha utunzaji wa nakala kwa kurasa zote, kila nakala ikae mpaka jioni. Kisha nikafungua ukurasa kwenye simu yangu. Ulikuja mara moja, kama kofi. Ulisema nyumba ya marehemu, leo ni zamu yenu, chukueni ndoo zenu. Na kweli ilikuwa zamu yetu, kamati ilitupangia kwa sababu ya shughuli. Kila kitu kilikuwa sawa. Nikampigia shemeji nikamwambia anaweza kuizima ile kompyuta. Nilijisifu moyoni. Nililala kidogo.

Maji ya shughuli yenyewe tulikuwa tumekwisha kuyapata. Wifi na wenzake walikuwa wamejaza mapipa mawili siku iliyotangulia, maji ya boza, lile gari la tangi, kutoka Newala, kwa hiyo ndoo zetu za zamu tulitaka kuziongezea tu. Nje turubai lilikuwa limefungwa, wanaume wanaanza kukaa kwa ajili ya hitima, na moshi wa kuni ukawa unaingia mpaka chumbani.

Jua lilipokwisha kupanda, wifi aliingia na ndoo tupu mkononi, akachuchumaa mbele yangu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Wifi, kumbe ulikuwa na jambo moyoni ukatuficha."

"Jambo gani?"

"Hilo la maji. Kijiji kizima kiko bombani kinamwombea kaka yangu. Hata msimamizi amevua kofia. Mtu anafika, anaonyesha simu, inasema nyumba ya marehemu, leo ni zamu yenu, chukueni ndoo zenu. Kila simu hivyohivyo. Wengine wanalia. Sadaka ya maji, wifi. Hakuna sadaka ya maiti inayoipita hiyo."

Nikamwomba simu yake. Nikafungua ukurasa. Yeye ana nyumba yake na namba yake, zamu yake ilikuwa bado siku kadhaa. Lakini kwenye simu yake ilitokea nyumba yangu.

Nilielewa pale pale. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kufungua. Mashine ilipika ukurasa wangu, ikauweka kwenye hotpoti, na kila aliyeagiza baada yangu akapewa sahani yangu. Mahali pengine watu wangesema mtandao umeharibika. Sisi tulikuwa na maiti, tulikuwa na arobaini, na kwetu anayetaka kumpa marehemu wake kitu huwapa watu maji. Wangesoma nini kingine?

"Na sasa?" nikauliza.

"Sasa tangi limekwisha. Hata hizi ndoo zetu nimerudi nazo tupu. Nimesema si neno, maji ya kaka yamekwenda panapostahili."

Asubuhi ile tulikuwa nyumba chache zenye zamu, na mojawapo nilikuwa naijua vizuri kwa sababu niliihamisha kwa mkono wangu kutoka faili kwenda hifadhidata. Ilikuwa ya bibi mmoja wa mwisho wa kijiji, ambaye mzee wake amepooza na hainuki kitandani. Bibi yule humwogesha na kumfulia matandiko kila siku, na kamati ilimpangia zamu za karibukaribu kwa sababu hiyo. Hakuwa na simu. Alikuwa akimtegemea msimamizi.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Wifi alikuwa mbele yangu, tulikuwa wawili tu, na neno lenyewe lilikuwa fupi: nimekosea. Lakini akaingia mama mmoja jirani, kisha mwingine, kisha chumba kikajaa. Wakanishika mikono. Mmoja, mama mtu mzima tuliyekuwa hatuelewani kwa habari ya mpaka wa shamba, alipiga magoti akasema kwa Kimakonde kwamba maji aliyoyateka leo atampikia mjukuu wake uji, na kila kijiko atamtaja marehemu. Wengine wakaitikia. Sikuwa nimesikia watu wakimtaja mume wangu hivyo tangu siku ya maziko. Siku za katikati watu walikuwa wamekwisha kurudi kwenye korosho zao, kama ilivyo haki yao. Na sasa wamerudi, wanamtaja. Nilikaa kimya. Niliinamisha kichwa, wakadhani ni majonzi. Nilizima ule utunzaji wa nakala chini ya khanga, kwa kidole kimoja, na nikaendelea kupokea dua.

Sitasema nilichanganyikiwa. Nilikuwa na akili zangu zote. Nilijua maji yale yalikuwa ya nani, na dua zile zilikuwa tamu kwangu.

Hitima ilisomwa. Baada ya hitima wanaume walianza kula, na hapo akasimama mtani wa marehemu. Watu wa mbali huenda wasijue: kwetu mtani ana ruhusa msibani ya kusema lolote, hata juu ya maiti, na hakuna wa kununa. Dirisha langu lilikuwa wazi, kwa hiyo nilisikia.

"Jamani, mimi nina shaka," alisema. "Huyu tunayemsifu hapa ni yule ninayemjua mimi? Yule niliyemwomba kopi ya cheti akanitolea upande mmoja, akaniambia upande wa pili nisome kwa mwanga?"

Watu wakacheka.

"Mtu aliyekuwa akichemsha chai anaondoka na majani mfukoni, leo kafa ndio katoa tangi zima? Hapana. Huyu bahili hawezi. Mtafuteni aliyekosea. Humu kuna kosa."

Vicheko vikazidi. Mzee mmoja akasema, "Kaa chini wewe, mbwa wa maneno, una wivu hata na kaburi." Mtani akajibu kwamba wivu anao, kwa sababu hata yeye alikuwa amejaza madumu manne, na kama ni mtego wa marehemu basi umemnasa.

Chumbani wanawake walikuwa wakicheka huku wamefunika midomo. Mimi sikuweza. Alikuwa anatania, na yeye peke yake ndiye aliyesema kweli siku ile.

Yule bibi wa mwisho wa kijiji aliingia baada ya chakula. Alikuwa amechelewa, kwa sababu alipotoka bombani alirudi kwanza nyumbani kumgeuza mzee wake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa karibu na mlango, akaweka mikono juu ya magoti. Akanipa pole. Akasema, "Mungu ampokee. Kazi nzuri mmefanya."

Nikamwuliza, "Bibi, wewe maji ulipata?"

"Nilikuta yamekwisha."

"Ilikuwa zamu yako."

"Ndiyo. Msimamizi kaniambia leo hakuna zamu, leo ni sadaka. Nikaitikia amina nikarudi. Maji ya sadaka hayagombewi."

"Na mzee?"

"Nimempangusa kwa kitambaa. Kesho alfajiri nitateremka bondeni."

Alisema kama mtu anayesema kesho atachambua mboga. Bibi yule magoti yake yanasikika akiinuka. Wanawake wengine hawakuwa wakisikiliza, walikuwa kwenye mazungumzo yao.

Nikasema, "Bibi, haikuwa sadaka." Sauti yangu ilitoka ndogo, nikarudia, na mara ya pili chumba kizima kikanyamaza. Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nikaanza na mashine za ng'ambo, nikaona nyuso hazielewi, nikaacha. Nikasema, "Mimi niliharibu ukurasa. Ukawaonyesha nyote nyumba yangu. Sikutoa maji. Sikuwa na maji ya kutoa. Mliyoyachukua yalikuwa ya bibi huyu na ya wenzake wenye zamu, na mimi nimejua tangu asubuhi, nikawaacha mkaniombea."

Yule jirani wa mpaka wa shamba akaniambia taratibu, "Mwenzetu, umechoka. Mfiwa hahesabiwi maneno." Na wengine wakadakia: amechoka, apewe chai, msiba mzito. Walikuwa wananifunika, na hilo lilinichoma kuliko kama wangenitukana.

Bibi peke yake hakunifunika. Aliniangalia akaniuliza, "Kwa hiyo maji yangu yako wapi?"

"Hapa ndani kuna pipa moja halijaguswa."

"Basi nitalichukua."

Wifi akashtuka. "Bibi, vyombo vya watu wote bado havijaoshwa."

"Vyombo vitasubiri. Mzee wangu ana vidonda." Kisha akanigeukia mimi. "Ile amina niliyoitikia siidai. Ile ilikuwa ya mume wako, imeshakwenda. Maji ndiyo ninayodai."

Wakabeba wanawake wa jikoni, ndoo baada ya ndoo, kutoka pipa letu hadi kwake. Vyombo vya arobaini ya mume wangu vililala vichafu, na nzi wake.

Nikamwomba wifi amwite mwenyekiti wa kamati. Alikuja, akakaa nje ya mlango kwa heshima ya eda, tukazungumza kwa pazia katikati. Wifi alikuwa amekwisha kumweleza.

"Mama, nimesikia," alisema. "Umesharekebisha?"

"Nimerekebisha tangu asubuhi."

"Basi limekwisha. Bibi kapata maji yake. Wale wengine wenye zamu nitawasogezea kesho. Watu waache na dua zao."

"Nataka watangaziwe."

"Utangaze nini? Kwamba wamechukua maji ya mgonjwa? Siku ya arobaini? Hao walikuja kwa moyo safi. Ukisema, wewe utatua mzigo wako na kuwatwika wao."

Alikuwa na haki. Nilichomjibu ni kwamba wanamshukuru mtu kwa kitu ambacho hakutoa, na mtu huyo hawezi kukanusha. Akasema, "Mimi siwezi kusimama kuyasema hayo. Nikisema mimi, itakuwa kesi."

"Mwambie mtani," nikasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Mtani alielezwa, na kabla watu hawajatawanyika alisimama tena. Safari hii sikuweza kukaa karibu na dirisha, lakini sauti yake haina adabu, inafuata mtu. Alisema, "Niliwaambia bahili hawezi. Mkewe kakosea kubonyeza, na nyie wezi mkaja na mapipa. Mimi mwizi wenu mkuu nina madumu manne, namrudishia bibi mawili, mawili nimeshakoga, atakayetaka aninuse." Watu walicheka. Lakini kicheko hakikuwa kile cha kwanza. Kilianza vizuri kikaishia njiani, na baada yake nikasikia viti vikisogezwa.

Jioni ile baadhi walipeleka ndoo kwa bibi na kwa zile nyumba nyingine. Wifi alinitajia kila aliyepita. Wengine hawakupeleka, walikuwa wamekwisha kufulia, kupikia, kunywesha mbuzi. Yule jirani alikuwa amepika ule uji. Hakuja tena kunisalimu mpaka nilipotoka eda, na nilipotoka, alinisalimu vizuri tu, kama mtu anavyomsalimu karani. Ugomvi wetu wa mpaka haukurudi wala urafiki haukuja. Nadhani alinionea haya kwa yale magoti aliyopiga. Nami namwonea haya kwa sababu hiyohiyo.

Watoto wetu waliuliza kama baba yao alitoa maji au hakutoa. Niliwaambia hakutoa. Mdogo akasema, "Lakini angeweza kutoa." Nikamwambia ndiyo, angeweza.

Lile onyo lililokuwa ndani ya kisanduku nililisoma siku iliyofuata, kwa kamusi, neno kwa neno. Lilisema usitunze nakala ya ukurasa unaotofautiana mtu na mtu. Ni sentensi ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza.

Ukurasa bado uko huko huko, kwenye mashine zisizo na kabati. Hautunzi nakala ya mtu yeyote, kwa hiyo ni mzito kama ulivyokuwa, na watu wanalalamika. Mwenyekiti alileta fundi kijana kutoka Masasi kuutazama. Akasema hauna kosa, ghala ndilo liko mbali, vumilieni. Kamati ikaniachia mimi niendelee kuuangalia. Nadhani walinionea huruma. Nilikubali, ingawa sikuwa na uhakika kama nastahili.

Nimepata tabia moja ambayo wifi anasema ni ya kutia aibu mbele ya wageni. Mtu akija nyumbani, nikishamkaribisha na kumpa maji ya kunywa, namwomba simu yake nifungue ukurasa wa maji. Wengi wanadhani ni majonzi, wananipa simu na kugeuza uso pembeni kwa heshima. Zamani kidogo ningewaacha wadhani. Juzi alikuja mama mmoja wa kijiji cha pili, aliyeolewa kwetu karibuni, akanipa simu akasema, "Pole, dada. Bado unamkumbuka."

"Namkumbuka," nikamwambia. "Lakini hapa naangalia kama nyumba itakayotokea ni ya kwako."

Akasogea karibu tutazame wote. Ukurasa ulizunguka, ukazunguka. Tulisubiri, kisha ikaja nyumba yake, na zamu yake, na ndoo zake.